Grafu za Sufu za Mwalimu Dobrila

Nilipoteza macho nikiwa na miaka kumi na saba, umebaki mwaka mmoja tu nifanye mtihani wa mwisho wa sekondari hapa mjini Čačak. Baba yangu Radenko, fundi viatu, alikwenda shuleni kuniondoa. Mwalimu wa hisabati, Dobrila Nešković, akamkuta mlangoni.

"Ljubinka anabaki," akasema.

"Mwalimu, si mwaka huu ni grafu tupu? Atachorea nini, pua?"

"Wewe kazi yako viatu, Radenko. Grafu niachie mimi."

Jumamosi akaja kwetu na ubao wa kukandia unga, misumari midogo, kamba, waya na sufu ya kufumia. Alipigilia kamba mbili zilizokatana ziwe mihimili, kisha akanishika mkono.

"Ya leo ni hii. Juu, kwenye kiasi, x ongeza moja. Chini, kwenye asili, x toa mbili. Haya, x ikiwa mbili?"

"Asili inakuwa sifuri. Haigawanyiki."

"Basi pale hapakanyagiki." Akasimamisha waya kwenye mbili. "Na x ikiwa milioni?"

"Juu na chini vinakaribiana sana. Jibu linakuwa karibu na moja."

Akalaza waya mwingine kwenye moja, akaanza kupitisha sufu. Aliponiruhusu, niliweka kidole upande wa kulia. Sufu ilitoka juu kabisa, ikiambaa na waya uliosimama, ikateremka, ikapinda, halafu ikaenda mbali ikiusogelea waya uliolala bila kuugusa. Nilikuwa nimekariri kanuni zile kama sala. Siku hiyo ndipo nilipojua zinasema nini. Machozi yalinitoka. Mwalimu akajifanya anatafuta msumari ulioanguka.

Nikahamia kushoto, kidole kikasita.

"Mwalimu, huku umekosea."

"Wapi?"

"X ikiwa sifuri tunapata moja kugawa kwa hasi mbili, yaani hasi nusu. Sufu ilitakiwa ipite chini ya waya uliolala. Wewe umeipitisha juu."

Nikasikia misumari iking'olewa.

"Miaka thelathini na moja nafundisha," akasema polepole. "Sahihi kabisa, mwanangu."

"Sasa hapa mwalimu nani?" Baba akauliza kutoka jikoni.

Alikuja kila Jumamosi mpaka Juni. Siku ya mtihani aliubeba ubao mwenyewe hadi ghorofa ya pili, akawabembeleza watahini mpaka wakakubali nijenge grafu yangu kwa sufu mbele yao. Nilipata nne kati ya tano. Nilisahau kutaja grafu inapokata mhimili wa x.

Leo nina miaka arobaini na minne, nafundisha hisabati watoto wasioona. Mwalimu Dobrila magoti yamechoka, hatoki sana. Majira ya kuchipua yaliyopita nilimpelekea keki ya kokwa za jozi, nikakaa naye jioni nzima, nikasema nilichokuwa nimekiahirisha miaka yote: kwamba kazi yangu, mume wangu niliyempata chuoni, hata kujiamini kwangu, vyote vilianzia kwenye ubao ule.

"Washukuru watahini," akasema. "Walikubali misumari kwenye meza yao nzuri."

Nilimshukuru hata hivyo, kwa maneno mengi. Akanishika mkono, akayapokea.