Mita, Sufuria na Mama Mkwe

Kabla ya mita nilikuwa na balbu. Balbu ya tochi, betri mbili na vipande viwili vya waya: hiyo ndiyo iliyokuwa elimu yangu yote nilipoanza ufundi wa umeme wa magari pale Mabatini, Mwanza. Ikiwaka, waya ni mzima. Isipowaka, waya umekatika, au betri zimekwisha, au balbu imeungua, au fundi hajui anachofanya. Halafu milango ya biashara ikafunguliwa, magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kumiminika mjini, na nyuma yake zikaja mita. Yangu niliinunua Mirongo. Ilikuwa ya njano, ina kioo cha namba, na ilikuwa na tabia moja iliyonifanya nilale nayo kitandani: ukigusanisha ncha zake mbili, inalia. Piii. Waya mzima unalia, waya uliokatika unanyamaza. Hakuna mteja anayebishana na kitu kinacholia.

Niliivaa shingoni kwa kamba na nikaanza kutembea polepole, jambo ambalo zamani sikulifanya. Watu wakaniletea pasi, redio, hata jino la dhahabu. Mama mmoja muuza maandazi aliniuliza kama inaweza kupima mume. Nilimwambia inaweza, ila mume lazima atolewe kwanza kwenye umeme.

Wakati huo nilikuwa nimeposa, na posa yangu ilikuwa imekwama. Baba wa mchumba wangu alikuwa ameniambia waziwazi, "Mimi sina neno, kijana. Mama yake ndiye bado hajasema." Sasa mama yake angesema lini, na angesema na nani? Kwetu Usukumani mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Ukimwona anakuja, unaingia kwenye majani mpaka apite. Mabatini hakuna majani, kwa hiyo mimi nilikuwa nageukia ukuta na kuusoma. Hamsemeshani, na hampeani kitu mkono kwa mkono. Tangu siku wazee wangu walipopeleka neno la posa, mama yule alikuwa ameona kisogo changu tu, na kisogo changu si sehemu yangu nzuri.

Kibaya zaidi, kulikuwa na kijana mmoja wa kiwanda cha minofu ya sangara, mwenye pikipiki na viatu vya ngozi. Huyo hakuwa ameposa popote, kwa hiyo hakuwa na mwiko na mtu. Kila asubuhi alipita kumwamkia mama uso kwa uso, shikamoo mama, umeamkaje mama, na meno yote nje. Nilimchukia kwa moyo wangu wote.

Basi wiki ile wazee wa upande wa mchumba wangu walitakiwa kuletwa kutoka Magu kuja kumaliza maneno. Gari la kuwaleta lilikuwa pikapu ya baba mkwe mwenyewe, na pikapu ilikuwa imerukwa na akili. Ukikanyaga breki, indiketa zote zinawaka. Ukiwasha taa, waipa zinaanza kufuta mvua isiyokuwepo. Ikikata kona ya kushoto, honi inalia yenyewe, na baba mkwe, ambaye alikuwa mtu wa heshima zake, akawa anasalimiwa na watu asiowajua njia nzima. Alikuwa akiitumia kubebea dagaa kutoka mwaloni, mitumbwi inakoshusha samaki. Gari likinuka dagaa, panya wanahamia, na wakishamaliza dagaa wanaanza nyaya.

"Ukilitengeneza, wazee wanakuja Jumamosi," akaniambia. "Usipolitengeneza, yule kijana wa sangara anasema ana rafiki mwenye gari."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilifika na mita yangu, nikatoa nyaya zote za pikapu ile, kuanzia taa za mbele hadi za nyuma, fungu moja nene lenye mikia kila upande. Kulipima fungu la namna ile kunahitaji watu wawili. Mmoja anakaa mwisho huu na mita. Mwingine anakaa mwisho ule na kibanio, ambacho kimeungwa na mita kwa waya mrefu wa pembeni. Mwenye mita anataja rangi, wa kule anagusisha kibanio kwenye waya wa rangi hiyo, na mita inatoa hukumu. Kiwanja chao kilikuwa chembamba na jiwe kubwa lilikuwa limekaa kati ya uwanja na jiko, kwa hiyo fungu likalazwa kuzunguka jiwe. Mimi nikakaa mbele, baba mkwe akakaa nyuma, upande wa jikoni.

Tukapima wa kwanza. Piii.

"Maana yake nini?" akauliza.

"Maana yake imepita, baba."

Akafurahi sana. Tukapima wa pili, ikalia, naye akawahi kusema mwenyewe, "Imepita." Kabla ya wa tatu wakaja kumwita mwaloni, mzigo wake ulikuwa umefika. Nikamsikia akisema, "Mama nanihii, njoo ushike hapa, kazi ni nyepesi," kisha akaondoka.

Upande wa pili wa jiwe nikasikia kanga zikikaa chini. Nikageuza uso kwenye jiwe, ingawa jiwe lenyewe lilikuwa linatosha. Mwishowe ikasikika sauti ya mama, imetulia kabisa, lakini haikuwa inasema na mimi.

"We kuku," akasema, "hebu muulize huyo anayeongea na jiwe anataka waya gani."

Nikamjibu kuku. "Mwambie nataka mwekundu wenye mstari mweupe."

"Kuku, mwambie nimemwona. Huyo ni yule dume wa baba yangu aliyevunja zizi."

Mama alikuwa binti wa wafugaji wa huko Magu, na hakuwa anaona nyaya pale, alikuwa anaona ng'ombe. Mweusi wenye mstari mwekundu alikuwa mtamba aliyekuwa na haya. Wa kahawia alikuwa mzee wa kundi. Nilipotaja wa kijani, kuku akaambiwa aniulize ni nani aliyewahi kufuga ng'ombe wa rangi hiyo. Nilianza kumpenda mama yule kuliko nilivyotegemea. Tatizo lilikuwa mita. Mita ilikuwa imenyamaza.

Dume aliyevunja zizi, kimya. Mtamba mwenye haya, kimya. Nikagusanisha ncha, piii, mita nzima. Nikarudia nyaya mbili zilizolia kwa baba mkwe, nazo sasa zimekufa. Mtu mwenye akili angejiuliza. Mimi, fundi mwenye mita shingoni, niliamua kwamba nyaya zile zinakufa huku tukizipima. Nikaanza hata kuelewa kwa nini: panya wa dagaa wanakula shaba kutoka ndani na kuacha ganda. Nikaona fungu lote limekwisha, na Mwanza nzima hakuna fungu jingine la gari lile. Nikaona wazee wakiteremka kutoka kwenye gari la rafiki wa yule wa sangara, na yeye mwenyewe akiwafungulia mlango. Machozi yalinilenga, nasema kweli.

Hapo ndipo mchumba wangu aliporudi kutoka sokoni. Alinipita mimi niliyebandika uso kwenye jiwe, akaenda nyuma, na nikamsikia akitua kikapu.

"Mama, mbona umekishika hicho kibanio kwa kanga? Na ncha ya waya umeifunga kitambaa?"

"Ulitaka nishikeje?" mama akasema. "Waya huu mkwe wangu kaushika kule, na mimi niushike huku? Hapo si tumeshikana mikono?"

Mchumba wangu alicheka mpaka akakaa chini, nilimsikia akikaa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia neno moja tu katika yale yote, nalo ni mkwe wangu. Hakuna aliyewahi kuniita hivyo, na lilikuwa limemtoka bila kupitia kwa kuku.

Ilibaki kutafuta namna. Kumvunjia mama mwiko wake sikutaka, hata kwa pikapu kumi. Mama mwenyewe ndiye aliyekata shauri: kiwekwe kitu katikati. Ikaletwa sufuria ya dagaa, iliyosuguliwa kwa majivu mpaka ikang'aa. Mchumba wangu akabana kibanio kwenye ukingo wake na kumwondolea mama vitambaa. Sasa mama akawa anagusisha waya kwenye sufuria yake, na kati ya mikono yetu kulikuwa na chombo cha nyumbani ambacho hakina ukoo na mtu.

"Kuku, mwambie nataka dume aliyevunja zizi," nikasema.

Piii.

Tukawapitisha ng'ombe wote wa babu yake mchumba wangu, mmoja mmoja, wakilia. Mama alianza kucheka kila mlio, kicheko cha chini cha mtu asiyetaka kusikika. Tulipofika kwa mweupe wenye mstari mweusi, mita ikanyamaza.

"Kuku, mwambie huyo asihangaike naye. Huyo hata baba alimuuza."

Ndio uliokuwa umekatika, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, umetafunwa karibu na taa za nyuma. Karibu yake nikakuta nyaya nyingine zimechunwa ganda na kushikana. Nikaunga, nikafunga, na jioni pikapu ikakata kona ya kushoto bila kumsalimia mtu. Katika kukusanya vitu vyangu, mita niliyokuwa nimeivua wakati wa kuunga sikuiona. Nilitafuta mpaka chini ya jiwe. Nikarudi kwangu shingo tupu.

Jumamosi wazee wakaja, gari limekaa kimya njia nzima. Maneno yalizungumzwa sebuleni. Mimi nilikaa kwenye kona karibu na mlango, nimekatazwa kusema, natazama vidole vya miguu yangu. Kila kitu kikaenda vizuri mpaka mzee mkubwa wa Magu akauliza, "Na mama wa mtoto anasemaje?"

Mama alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Hakujibu. Wazee wakatazamana. Mzee akauliza tena, na mimi nikaanza kusikia pikipiki ya yule kijana kichwani mwangu. Pazia halikutikisika. Nilijua kabisa kwamba hapo ndipo posa yangu inapokufa.

Ndipo ikasikika, ndefu na safi, kutoka nyuma ya pazia.

Piiiiii.

Wageni wakashtuka. Mmoja akauliza kama kuna mtoto mchanga ndani. Baba mkwe akakaa sawa kwenye kiti chake, akasafisha koo.

"Imepita," akasema.

Mita nilirudishiwa baada ya harusi, imefungwa kwenye kitambaa na kuwekwa juu ya sufuria ili niichukue mwenyewe. Betri ilikuwa imekwisha kabisa.