Kitambaa cha Rafu ya Mbele

Mafundi cherehani wote ni waongo, ndivyo wateja wasemavyo, na asiyeamini apeleke kitambaa wiki ya harusi. Lakini Zipu hakuwahi kumwambia mtu "njoo kesho". Ukimwachia suruali asubuhi, mchana unaichukua na pasi imepigwa. Uongo wake wote alijiwekea mwenyewe.

Jina la Zipu lilimganda kwa sababu kazi yake ilikuwa hiyo: zipu, pindo na viraka. Yeye alitaka koti. Koti moja tu, lenye kola na bitana, alilolikata kwa mkono wake, alitundike mlangoni watu wajue humu mna fundi. Binti yake angali ananyonya, Zipu alinunua mita tatu za kitambaa kizito cha buluu, akakiweka rafu ya mbele, mkabala na mlango, kiwe kinamsuta kila aingiapo.

Kikamsuta, akazoea. Mara mkasi butu, mara kazi za watu, mara tusubiri mvua ziishe. Ukweli ni kwamba aliogopa. Zipu ikikosewa hufumuliwa, koti likikatwa vibaya ndiyo basi tena. Binti akaota meno, akaenda shule, akampita mama yake kimo.

Mwaka huu macho yakaanza kuingia ukungu. Kutunga uzi kukawa ugomvi wa robo saa. Daktari akamwambia hayatarudi yalivyokuwa, ayatumie yangali yapo. Kesho yake Zipu akafika dukani mapema, akanoa mkasi, akakishusha kitambaa.

Mkewe alipoleta chai alimkuta amesimama mbele ya meza. Kitambaa kilikuwa na mistari myeupe, mmoja kwa kila mkunjo uliotazama mlango.

"Si chaki hiyo?" mkewe akauliza, akisugua kwa kidole.

"Jua, mke wangu. Miaka yote hiyo nimekianika mwenyewe."

"Basi kigeuze, ushone upande wa ndani."

Zipu akashika pande mbili za mstari mmoja, akavuta kidogo. Kikachanika kama gazeti kuukuu. Akaketi juu ya kigoda, akalia machozi ya mtu mzima, bila sauti. Koti lilikuwa limekufa tangu zamani, na yeye alikuwa akilipangusa vumbi kila Jumamosi.

Mkewe alimwacha alie hadi chai ikapoa.

"Hapo katikati ya mistari panatoka nini?"

"Kizibao. Hakina hata mikono. Na mimi hakinitoshi."

"Mwanao kitamtosha."

Zipu hakukitaka kizibao, alikuwa na hasira nacho kabla hakijazaliwa. Hata hivyo alichukua chaki, akainamisha uso karibu uguse meza ili aone, akachora bega. Akafuta. Akachora tena. Akatia mkasi.

Alikuwa amefika kwenye kwapa mteja alipochungulia mlangoni na suruali mkononi.

"Zipu, hii imekwama. Nipitie mchana?"

Zipu hakuinua kichwa. Angekiinua, asingeuona tena mstari.

"Njoo kesho," akasema.