Programu Iliyobisha Bila Jina Lake

Mtaani kwetu Jericho, mtu akibisha na kuulizwa "Nani?" hujibu "Ni mimi," na anafunguliwa. Sauti zote zinajulikana. Nadhani ndiyo maana sisi tuliojifunzia kompyuta mtaani hatukuona haja ya kuzipa programu zetu majina.

Yangu ilikuwa ndogo. Ilitembelea tovuti iliyotangaza zamu za mitaa kupata maji, ikaona zamu ya Jericho, ikawatumia majirani ujumbe. Tangazo lilitoka wakati wowote, mara nyingine saa chache tu kabla ya mifereji kufunguliwa, kwa hiyo walioshinda kazini waliitegemea sana.

Ikanyamaza wiki mbaya. Jirani yangu, fundi wa cherehani mwenye kibanda sokoni, alikuwa anangojea wakwe. Jumamosi binti yake angefanyiwa ruracio, wageni walete mahari na yeye awapikie. Mapipa yake yalikuwa matupu.

"Wewe kijana, hiyo kitu yako imekufa?" aliniuliza Jumatano asubuhi. "Ama unataka wakwe wanawe mikono kwa soda?"

"Haijakufa, mathe. Imekataliwa mlangoni."

"Kwani imeiba nini?"

Nikamwonyesha simu yangu. Tovuti ilifunguka vizuri, ila zamu yetu ilikuwa bado kutangazwa. Programu peke yake ndiyo iliyofukuzwa. Nikamweleza kwamba kila programu ikiiendea tovuti hutanguliza mstari wa kujitambulisha. Mimi sikuuandika. Basi ile maktaba ya programu niliyotumia, yaani kazi iliyoandikwa tayari na wengine ili tusianze kila kitu upya, ilijaza jina lake yenyewe. Ndivyo ilivyotengenezwa: usipochagua, inakuchagulia.

"Sasa fikiria watoto wa shule moja," nikasema, "wote na sweta ile ile, na wengine wao wanakuja kukuchezea cherehani kutwa nzima. Utafanyaje?"

"Nitafukuza sweta!"

"Basi ndivyo alivyofanya mwenye tovuti."

Kutoka kwetu hadi Njiru tulikuwa tumegawiana programu hiyo hiyo, kama tunavyogawiana chumvi, na wenzetu wengine waliiacha ibishe kila sekunde. Mwenye tovuti aliona jina moja tu likimsumbua, akalifungia.

"Marafiki wananiambia niandike jina la simu," nikamwambia, "nijifanye mtu anayesoma tu."

"Hiyo ni kuingia harusi na kadi ya wenyewe. Na unajua kusema ukweli, ama?"

Nikaandika ukweli: jina la programu, kazi yake, na anwani yangu ya barua pepe. Ulikuwa mstari mmoja tu. Yeyote anaweza kuuandika. Kisha nikaiagiza ibishe mara moja kila saa. Ikakaribishwa.

Alhamisi kabla ya adhuhuri simu ya jirani ikalia akiwa kibandani: maji Jericho, leo mchana. Alifunga kazi, akaja mbio na tepu ya kupimia nguo bado shingoni. Nilimkuta akijaza pipa la pili kwa mpira wa maji. Nikamwambia mwenye tovuti ameniandikia kunishukuru kwa kujitambulisha, na ameomba niwafundishe wenzangu.

"Huyo ni mtu wa maana. Mwambie Jumamosi aje ale."

"Wacha nimjibu sasa hivi."

"Utamjibu baadaye! Shika huu mpira kwanza, pipa linamwagika!"