Kiungo Wetu, Kipa Wao na Pilau Yangu

Miaka hiyo ya mwisho ya tisini, Waswahili wa Guangzhou tulikuwa wachache. Ukimwona mwenzako anavuka barabara ya Zhanxi na marobota yake kwenye mkokoteni, ulijua ametoka duka gani na amepigwa bei gani. Mimi nilikuwa nikinunua viatu vya kike na kuvipeleka Dar. Nilipanga chumba karibu na stesheni ya treni pamoja na wanawake wengine wawili wa biashara. Siku za wiki tulishindana na wenye maduka. Jumapili tulishindana na Wakenya.

Mashindano yenyewe yalikuwa ya mpira. Nyuma ya shule moja palikuwa na uwanja wa vumbi, na mlinzi wake, mzee wa Kichina aliyependa kutazama, alitufungulia geti kila Jumapili mchana. Upande mmoja sisi wa Dar na Unguja, upande wa pili wenzetu wa Nairobi na Mombasa. Mwenye magoti mazima alicheza. Tuliobaki tulikuwa mashabiki, na kwa kelele zetu nadhani sisi ndio tuliotoka jasho zaidi.

Timu yetu ilikuwa na kitu kimoja tu cha kujivunia: kiungo wetu, kijana wa Unguja aliyekuja kusoma Kichina. Mwembamba, mpole, hata salamu yake ilibidi usogeze sikio. Lakini mpe mpira katikati ya uwanja! Pasi yake haikukufuata pale ulipo, ilikwenda pale unapotakiwa kuwa, na ukifika unaukuta mpira umetulia unakungoja. Tatizo letu lilikuwa kipa. Alikuwa mtu mwema kupita kiasi, mnunuzi wa miwani, na yeye mwenyewe haoni mbali. Mara nyingi alijua tumefungwa kwa kusikia Wakenya wanashangilia.

Wenzetu mambo yao yalikuwa kinyume. Kipa wao, mfanyabiashara wa vipuri vya magari kutoka Nairobi, alikuwa na umbo la kabati la nguo. Mbele yake alisimama beki mmoja wa Mombasa ambaye ukimpita leo, kesho hujaribu tena. Ila katikati hawakuwa na mtu. Mpira wao ulikwenda juu, ukashuka, ukaenda juu tena, kama wanafukuza kunguru.

Ndipo lilipozuka wazo la kubadilishana: sisi tuwape kiungo, wao watupe kipa na beki.

Mjadala mkubwa niliusikia nikiwa dukani kwa mama mmoja wa Kichina niliyekuwa nikichukua kwake makubadhi. Meneja wetu, mzee wa Kariakoo aliyenunua mapazia na aliyepewa umeneja kwa kuwa ndiye mwenye filimbi, alikuwa amesimama mlangoni. Mbele yake alikuwa yule kipa mwenyewe, maana Wakenya walimtuma ajiuze. Mashabiki wa pande zote waliziba njia, wenye mikokoteni wakawa wanatupigia kelele tupishe.

"Mzee, si unipime vizuri," kipa alisema, akijipiga kifua. "Mimi nikisimama golini, hata upepo haupiti. Na bado nakuongezea beki. Buda, hiyo ni dili."

"Wewe ni mtu mzima, mwanangu," mzee alijibu. "Goti lako moja linalia ukipanda ngazi, nimelisikia. Kijana wangu bado mbichi. Nikimtoa leo, mwakani nitakula nini?"

"Mwakani!" alidakia dada mmoja wa Mombasa aliyekuwa akinunua mabegi. "Kwani mwakani weye utakuwa wapi? Viza yako yaisha kabla mapazia yako hayajafika bandarini!"

Hapo mjadala ukageuka. Kumbe uzito wa mchezaji haukuwa miguu yake, ulikuwa viza yake. Kijana alikuwa na ya mwanafunzi, ndefu. Kipa alikuwa na ya biashara, fupi, na kila mara ilimbidi avuke kwenda Hong Kong kuihuisha. Mashabiki wetu wakaanza kupiga kelele kwamba tunaibiwa. Wa kwao wakajibu kwamba kipa ni nusu ya timu, na sisi nusu hiyo hatujawahi kuwa nayo.

Mama wa duka alidhani tunagombania bei ya makubadhi. Akaja na kikokotoo chake, akafuta namba iliyokuwepo, akakiweka mkononi mwa mzee wa mapazia. "Laoban, sema wewe," alimwambia kwa Kichina, akimwita bosi kama walivyotuita wote. Mzee akakiangalia, akamrudishia. "Mei you," akasema kwa huzuni ya kweli. Hakuna. Hii haina namba.

Nilicheka mpaka nikakaa juu ya maboksi. Nilicheka hivyo kwa sababu nilikuwa bado sijaambiwa sehemu ya pili ya makubaliano.

Niliipata jioni, kwa mwenzangu wa chumbani. Mzee alikuwa amekubali, lakini Wakenya nao walidai nyongeza: pilau. Lazima nieleze. Kila Jumapili, filimbi ya mapumziko ikilia, mimi nilirudi chumbani kuwasha jiko, ili mechi ikiisha watu wakute chakula. Sufuria ilihesabiwa ni ya timu yetu. Wakenya walikaribishwa, ila walipakuliwa baada ya wenyeji, na ukoko uliwahusu zaidi wao. Sasa wakataka sufuria ihamie upande wao, na mzee wa mapazia akaitikia.

"Kwani mimi nimekuwa kontena?" niliuliza. "Napakiwa huku, nashushwa kule?"

"Wamesema wewe ni nyongeza tu," mwenzangu alisema, akijitahidi asicheke.

Kesho yake nilimtafuta yule kijana. Nilimkuta kwenye kibanda cha tambi karibu na chuo chake, mbele ya bakuli linalofuka mvuke.

"Umesikia umeuzwa?" nilimuuliza.

"Nimesikia, dada. Mie nimeambiwa na muuza soksi, Mchina. Alinipa pole."

"Hawajakuuliza?"

"Hasha. Wala hawajaniuliza tokea siku ya kwanza. Walinitia katikati kwa sababu ni mwembamba."

"Na wewe ulitaka wapi?"

Akainama kwenye bakuli lake, akatabasamu peke yake. "Golini," akasema. "Tokea utoto nataka kudaka. Kaka zangu walikuwa wakubwa, wakaninyima."

Nilimtazama yule mtoto wa watu, ambaye watu wazima walikuwa karibu kushikana mashati kwa ajili ya miguu yake, na kumbe roho yake yote ilikuwa mikononi. Nikajisikia kucheka na kumkumbatia kwa pamoja. Nikamwambia, basi Jumapili hii wewe huchezi na mimi sipiki.

Tulikwenda uwanjani kama kawaida, lakini tukakaa ukutani karibu na mlinzi, tukamenya machungwa. Mzee wa mapazia alipiga filimbi mpaka mishipa ikamtoka. Sisi tukampungia mkono. Ikabidi waanze.

Sijapata kuona mpira mbaya kama ule. Kipa wa vipuri, sasa ndani ya jezi yetu, alidaka kila kitu. Beki wa Mombasa alimsukuma kila mtu, pamoja na Wakenya wenzake wa juzi. Lakini hakuna timu iliyokuwa na wa kupiga pasi, na mpira ukaishi hewani. Kila uliposhuka uliwakuta watu wanasukumana, ukapigwa tena juu. Mlinzi alisinzia. Mapumziko yalipofika, mashabiki wote walikuwa wamegeuka kututazama sisi, na mimi sikuinuka kwenda kuwasha jiko.

Mzee akaja, kofia mkononi. "Haya, binti yangu. Mnataka nini?"

"Muulize huyu kwanza."

Kijana akasema anataka golini, timu yoyote, haidhuru. Mzee akamtazama kama mtu aliyeambiwa mapazia hufungwa sakafuni. Wakenya, ambao baada ya kumtoa kipa wao walikuwa wameazima mtu wetu wa miwani akae golini, wakamkubali kabla hajamaliza sentensi.

"Na wewe?"

"Mimi nataka kuona kipindi cha pili," nilisema. "Miezi yote hii sijui mechi inaishaje. Leo mkimaliza, mnapika nyie."

Basi nikakaa. Kijana akaingia golini kwa Wakenya, akavaa glavu za kubebea mizigo, akaruka kila upande isipokuwa ule uliokuwa na mpira. Tulimfunga, tukamfunga tena, na kila mara alinyanyuka kwenye vumbi akicheka kwa sauti ambayo hatukujua kama anayo. Mwishoni alidaka mmoja, mpira dhaifu uliomfuata kifuani wenyewe. Mashabiki wa timu zote mbili tuliingia uwanjani tukamnyanyua juu, mlinzi naye akiwa katikati yetu.

Jioni ile wanaume walijazana jikoni kwangu, Dar, Nairobi, Mombasa na Unguja, wakibishana kama kitunguu kinatangulia au nyama. Waliunguza chini, juu ikabaki mbichi. Tulikula hivyo hivyo. Yule kipa wa vipuri alikuwa ameketi sakafuni na sahani yake, akimwambia mtu wa miwani kwamba kwa macho yale afadhali acheze mbele, kwa sababu mshambuliaji hahitaji kuona, anahitaji bahati tu, na mtu wa miwani alikuwa anamsikiliza kwa makini sana.