Kura ya Kufomati

Kwaya yetu ilipenda kura kuliko ilivyopenda kuimba. Tulipiga kura kuchagua rangi ya sare, tukapiga kura kama chai ya mazoezi iwe na maziwa, na tulipokwenda kuimba Ihanda tulipiga kura nani akae mbele na dereva. Kwa hiyo Jumapili ile kamati ilipoitwa ofisini baada ya ibada, ipige kura kuhusu kompyuta, sikushangaa. Nilishangaa nilipoelewa kwamba kilichokuwa kinapigiwa kura ni sauti ya mama yangu.

Mama alikuwa mwanzishaji wa nyimbo. Yeye hutangulia, kwaya inaitikia, na nyimbo zenyewe nyingi alizitunga mwenyewe akipalilia kahawa. Ilipofika miaka ambayo kila kwaya yenye kinanda kutoka Vwawa mpaka Mlowo ilikuwa na sidii yake, na sisi tukaona haya kubaki nyuma, tukaenda studio Tunduma kurekodi albamu. Muda mfupi baadaye Mama alilazwa Mbeya kuondolewa rovu lililokuwa likimkulia shingoni tangu mimi msichana. Upasuaji ulikwenda vizuri. Rovu lilitoka, na sauti nayo ikatoka, haikurudi tena. Tangu hapo mama yangu hunong'ona. Maneno ni makali yale yale ya zamani, ila sasa inabidi usogee karibu ndipo akutukane.

Alipotoka hospitali hakuuliza habari za shamba wala za ng'ombe. Aliuliza albamu inatoka lini, maana alitaka kujisikia akiimba. Nilimwahidi, na ahadi ile ilinikaa moyoni kwa sababu nyimbo zote zilikuwa ndani ya diski moja ya kuchomeka kwenye kompyuta, basi. Studio ilirekodi moja kwa moja humo, haikubaki na nakala. Prodyuza alisema mashine yake haina nafasi ya kumtunzia kila mtu nyimbo zake. Diski ilikaa nyumbani kwa Mwenyekiti wa kwaya.

Mwenyekiti alikuwa mnunuzi wa kahawa pale Mlowo. Ujanani aliwahi kukaa Tanga miaka miwili, na miaka hiyo miwili ilimtosha kuona kwamba sisi wengine wote tunabwabwaja tu. Sisi Wanyiha herufi 'r' hutuponyoka, tukaweka 'l', na maisha yakaendelea. Yeye hayakumwendelea. Siku moja alimsahihisha mzee wa kanisa katikati ya sala, tukiwa tumefumba macho, na mzee wa watu akalazimika kumwomba Mungu upya.

Sasa, umeme ulikatika Mlowo, ukarudi kwa kishindo, na diski ikiwa imechomekwa ikatoa harufu ya plastiki kuungua. Kasha lake la nje lilikufa palepale. Mpiga picha mmoja wa barabarani akaitoa diski ndani, akaivalisha kasha jingine alilokuwa nalo, akaichomeka. Kompyuta ikaiona, lakini haikuonyesha wimbo hata mmoja. Ilileta maneno ya Kiingereza katikati ya kioo, na hayo ndiyo maneno tuliyoitiwa ofisini.

Mwenyekiti alivaa miwani, akasoma kwa sauti, akatutafsiria.

"Inasema diski hii, kabla haijatumika, ni lazima ifomatiwe. Imeuliza kwa adabu kabisa: je, mnataka?"

"Kufomati ndiyo nini, Mwenyekiti?" akauliza mama mmoja wa sauti ya pili.

"Ni kuisafisha, mama. Ni kuitakasa."

Basi. Aliposema kuitakasa, mikono ilianza kunyanyuka hata kabla ya kuulizwa. Nani kanisani atakataa jambo litakaswe?

Mimi nilikuwa naijua fomati. Fundi wa stendi aliwahi kunifomatia simu iliyokuwa inagoma, akanirudishia ikiwa safi kweli kweli, bila picha hata moja ya watoto wangu. Nikasimama nikawaambia kwamba mkiitakasa hiyo diski hakitabaki kitu ndani.

"Kompyuta yenyewe imekwisha kusema haina kitu," Mwenyekiti akajibu. "Wewe dada yangu unajua kuliko kompyuta? Tuikubali hali. Tutarekodi upya, na sauti mpya. Wanaoafiki?"

Waliafiki wote. Wanaopinga nilikuwa mimi peke yangu, na katibu aliandika hivyo. Wakati wanatafuta nani mwenye mkono wenye baraka wa kubonyeza, nilichomoa ile diski, nikaifunga kwenye pindo la kitenge changu.

"Kura mmeshinda," nikawaambia. "Diski ninayo."

Nilikuwa nauza vitenge Tunduma, jirani na mpaka, na upande wa pili wa kibanda changu kulikuwa na fundi wa kompyuta, mtu wa Kigoma, kofia ya kufuma kichwani na majigambo mdomoni. Hakuna kifaa ambacho hakuwahi kukifufua, kwa maelezo yake. Alikuwa amewahudumia Wazambia mpaka Kibemba kikamkaa ulimini, na kila mteja, awe wa Nakonde au wa Msangano, alimjibu neno moja: mailo. Kwa Kibemba mailo ni kesho, na mailo hiyo hiyo ni jana. Lugha nzuri sana kwa fundi.

Niseme haki yake: safari hii alijua anachosema. Aliigeuza diski, akaisikiliza ikizunguka, akacheka.

"Dada, hii ni nzima. Kilichoungua ni kasha. Makasha mengine yana namna yao ya kuhesabu na kupanga vitu. Diski iliyoandikwa ndani ya kasha hili, ukiivalisha kasha la namna nyingine, lile jipya halielewi mpangilio. Na kompyuta ikishindwa kuelewa haisemi sijaelewa. Inasema hapa hakuna kitu, nifomati?"

"Namfahamu mtu wa hivyo," nikasema.

"Ni fundi?"

"Ananunua kahawa."

Ilibidi apatikane kasha la aina ile ile ya kwanza. Alisema lipo Nakonde, kwa rafiki yake, mailo. Kila asubuhi nilifungua kibanda nikamtazama, naye akainua mkono: mailo. Nyumbani Mama alikuwa haniulizi kitu, na kule kutouliza kwake kulinichoma kuliko maswali. Nilianza kuota kwamba nimeishika diski kichwa chini na nyimbo zinamwagika barabarani, malori yanazikanyaga.

Kasha likaja. Akaivalisha diski, akaichomeka, na diski ile ile iliyosemwa haina kitu ikafungua kila kitu: majina ya nyimbo, mpangilio wake, hata picha ya kwaya tukiwa na sare tulizozipigia kura. Nilipiga kigelegele mpaka mabwana forodha wakageuka. Nikamwambia fundi aweke wimbo wa Mama, ule wa kwanza.

Kinanda kikaanza. Kisha akaimba msichana.

Nitarrrudi, Baba, nitarrrudi na jembe langu begani. Sauti nyororo, ya mtu ambaye jembe amelionea kwenye picha, na 'r' zake zinanguruma kama mashine ya kusaga. Sisi kwaya tulikuwepo nyuma yake, tukiitikia kwa uaminifu wote. Tuliweka wimbo wa pili, wa tatu, mpaka wa mwisho. Msichana, msichana, msichana.

"Si ndizo hizi?" fundi akauliza.

"Nyimbo ndizo," nikasema, "mama siye." Nikakaa chini kwenye kigoda chake.

Nilimpigia prodyuza. Alikohoa sana kabla ya kusema. Wakati mimi namuuguza Mama Mbeya, Mwenyekiti alimleta studio binti wa mjini akaimba sehemu zote za Mama, na sehemu za Mama zikafutwa. Sababu ilikuwa matamshi. Sijui kama mtu yule alitaka kufomati ili jambo lisijulikane, au ni uvivu wa kufikiri tu. Nimempa uvivu, kwa kuwa ni mkubwa kwangu.

Nililia palepale mbele ya wateja, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Fundi alisubiri nimalize, na kwa mara ya kwanza hakujigamba.

"Dada, kufuta si kufuta," akasema. "Kompyuta ikifuta inaondoa jina mlangoni tu. Mwenye chumba bado amelala ndani, mpaka aletwe mpangaji mwingine mahali pake. Ngoja tupige hodi."

Aliweka programu ya kuokota, inayopita diski nzima bila kujali majina. Ikarudi na mafaili hayana majina, yana namba tu, na ndani yake kila takataka ya studio ile: kinanda kikijaribiwa, besi wakicheka, mtu akiuliza chai iko wapi. Tulisikiliza moja baada ya jingine. Mengine yalikuwa yameharibika, yanakwaruza tu. Halafu likaja moja zima.

Nitaludi, Baba, nitaludi na jembe langu begani.

Alikuwa yeye, na ile sauti nzito ya kuita watu kutoka bondeni. Wimbo ukakatishwa. Ikasikika sauti ya Mwenyekiti, imekaribia maikrofoni.

"Simama, simama. Mama, si nitaludi. Ni nitarrrudi. Sema rrr."

"Nitaludi."

"Rrr, mama. Watu watatuelewaje?"

Ukasikika mguno wa mtu wa besi. Kisha Mama, bila haraka:

"Mwenyekiti, si kwako ninakoludi."

Akaanza upya, akauimba wote mpaka mwisho, na hakuna aliyemkatisha tena.

Nilimpelekea nyumbani kwenye flashi. Aliusikiliza amefumba macho, mkono kwenye kovu la shingo. Ulipoisha alinivuta sikio karibu akanong'ona kwamba niuweke kwenye simu yake, uwe ndio mlio wa kuita. Akataka na yale mazungumzo ya katikati yawemo. Albamu aliniambia niwarudishie wenyewe, na nikawarudishia. Ilizinduliwa kwa mbwembwe, binti wa mjini akashangiliwa, na Mwenyekiti akashukuru teknolojia.

Mama bado huenda kanisani kila Jumapili, anakaa mbele, mkoba magotini. Mwenyekiti anaposimama kutoa matangazo ya kwaya, mkoba unaanza kuimba. Nitaludi, Baba. Kanisa zima linasikia anavyomkatisha, na linasikia anavyojibiwa. Mama hapokei. Angepokea angesema nini, na kwa sauti ipi? Humtazama tu Mwenyekiti mpaka simu inyamaze, na siku hizi sauti ya pili huitikia kwa chinichini. Mwenyekiti aliwahi kuomba kamati ipige kura kuhusu simu ndani ya ibada. Alijikuta yeye peke yake ameinua mkono.

Hajawahi kuuliza ni nani anayempigia mama yangu kila Jumapili saa ya matangazo. Ni mimi. Nimekaa safu ya pili ya kwaya, simu iko chini ya kitabu cha nyimbo.