Habari ya Bibi na Gemu Iliyochelewa

Vumbi la Dodoma likipata moto lina harufu yake, kama ya tanuri la matofali iliyochanganyika na nywele zilizobabuka kidogo. Hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mashine ya gemu ya kaka yangu Lazaro. Aliinunua ikiwa mtumba, miaka ile biashara zilipofunguliwa na maduka ya mjini yakaanza kujaa redio, pasi na televisheni zilizokwisha kutumiwa na watu wa nchi za mbali. Tuliishi Nzuguni, nyumba zikiwa bado chache, na upepo wa alasiri ulitoka mashambani ukaingia moja kwa moja sebuleni. Mama aliifunika mashine kwa kitambaa alichokidarizi mwenyewe, lakini vumbi halikujali darizi. Tukiiwasha, baada ya dakika chache harufu ilitanda, na Bibi, aliyemzaa mama, alivuta kigoda chake karibu na televisheni. Alikuwa amehamia kwetu kutoka Makutupora kwa sababu ya miguu. Hakujua kusoma, na Kiswahili chake alikichanganya na Kigogo, lakini alimhurumia kwa dhati yule mtu mdogo aliyekuwa akikimbia kwenye kioo. "Mwambieni apumzike," alisema. "Toka asubuhi anatembea, hajala kitu." Lazaro alimsimamisha yule mtu kando ya kisima, akaweka chini pedi ya kuchezea, mpaka Bibi aliporidhika.

Nilipokuwa darasa la sita, Lazaro alipata nafasi ya kusoma Malaysia. Mashine akaniachia mimi. Barua yake ya pili ilikuja na habari ambayo niliisoma mara nyingi hadi karatasi ikalegea kwenye mikunjo. Kwenye bweni lao kulikuwa na kompyuta, na kwenye kompyuta kulikuwa na gemu ambayo watu wa dunia nzima waliicheza pamoja kwa wakati mmoja, kila mtu akiwa na mwili wake humo ndani. Mwaka uliofuata, aliandika, gemu hiyo ingetolewa pia kwa mashine kama yetu. "Ikitoka, tafuta kila njia uipate. Utaniona na mimi nitakuona. Tutatembea pamoja, tutakaa kando ya moto tuongee." Niliisoma kwa sauti mbele ya wote. Bibi aliuliza kama huko ndani kuna baridi kiasi cha kuhitaji moto. Baba, aliyekuwa dereva wa ofisi moja ya serikali na mtu wa maneno machache, alicheka mpaka akatoa leso.

Bibi alifariki mwezi wa pili, zabibu zikivunwa. Tulimzika Makutupora, na ninakumbuka majirani wakija msibani moja kwa moja kutoka shambani, mikono yao bado ina rangi ya zambarau, wakimshika mama mkono. Jioni moja ya matanga, baba alisema Lazaro aandikiwe. Mama akakataa. Kwao habari ya kifo haiwekwi kwenye bahasha. Anatumwa mtu, anafika, anakaa, anaulizwa habari za safari, anakunywa maji, ndipo anasema, na akishasema habanduki mpaka mfiwa amelia akanyamaza. Baba akataja simu. Mama akamuuliza simu ya bweni iko wapi, na baba alijua, kwa sababu Lazaro alituandikia: ipo ukutani kwenye ukumbi, watu wamepanga foleni. "Unataka mwanangu alie kwenye foleni?" Hapo mama akanigeukia mimi. "Ile gemu yenu inatoka lini?"

"Mwezi wa tatu, mama."

"Si alisema mtakaa pamoja? Basi ni wewe utakayemwambia. Kaa naye kwanza. Usianze na msiba, anza na salamu."

Hapa ndipo ninapopaswa kusema ukweli wangu. Nilijua kwamba mtu wa kwenye gemu ni mchoro, na kwamba maongezi ya humo ni maandishi yanayopigwa kwa vidole, yaani ni barua tu iliyovaa nguo. Lazaro alikuwa amenieleza katika karatasi iliyofuata ya barua yake, ile ambayo sikuisoma kwa sauti. Ningesema neno moja tu pale, mama angetafuta njia nyingine. Lakini niliitaka ile gemu, na nilipenda pia kuchaguliwa. Nikaitikia, "Ndiyo, mama."

Kila Jumamosi nilikwenda mjini, kwenye kijiduka cha intaneti chenye kompyuta nne na pazia la kuzuia jua. Aliyekihudumia alikuwa Dada Rehema, binti wa karani aliyehamishiwa Dodoma kutoka Tanga, mwenye utani usiokwisha. "Mchumba wako bado hajafika?" aliniuliza kila nilipoingia, kisha akanitafutia ukurasa wa gemu na kunisomea, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Nilikuwa na daftari, na kwa sababu yake akanibandika jina la Ripota. Nililigawa kwa rula safu tatu: siku niliyosoma, walichosema, siku zilizobaki. Mwezi wa tatu walisema mwezi wa sita. Mwezi wa sita walisema mwezi wa tisa, na wakaomba radhi kwa sentensi ndefu ambayo Dada Rehema aliisoma mara mbili bila kupata sababu ndani yake. Mwezi wa tisa walisema itatoka itakapokuwa tayari, na ile safu ya tatu sikuwa na cha kuijaza.

Nyumbani, mama alinipokea mlangoni na swali moja, mikono ikiwa na unga. Nikisema bado, aligeuka akarudi jikoni. Hakuna aliyekuwa na wa kumlaumu. Waliochelewesha hatukuwajua sura wala jina, na wao hawakujua kwamba Nzuguni kuna mama anayewangoja ili mwanawe aambiwe. Huku barua za Lazaro zikiendelea kuja. Miguu ya Bibi inaendeleaje? Mwambieni Bibi nimemwona mzee amevaa katambuga za tairi kama zake. Mbona hajatuma neno? Majibu niliandika mimi, mama akinitamkia, akichagua maneno kama anayechambua mchele. Uongo hakuutaka. "Andika, tuliopo hapa hatujambo." Niliandika hivyo, nikatazama kigoda kilichokuwa kimeegemezwa ukutani, miguu juu.

Gemu ilitoka mwaka uliofuata, zabibu zikivunwa tena. Dada Rehema aliniita kabla sijafunga pazia. "Ripota, njoo. Imetoka." Hakutania. Alisoma taratibu. Ilihitaji kifaa cha kuchomeka nyuma ya mashine, laini ya simu nyumbani, na kadi ya benki ya kulipia kila mwezi. Kisha akafungua mahali pa kujiandikisha, palipokuwa na orodha ya nchi. Tuliishuka pamoja mpaka herufi T. Tuliipanda tena, labda tumeiruka. Tanzania haikuwemo. "Pole, mdogo wangu," alisema, akadhani ninalia kwa sababu ya kucheza.

"Imetoka, lakini si ya huku," nilimwambia mama.

"Huku wataileta lini?"

"Hawajasema."

"Basi tungoje." Hata siku ile sikumwambia kuhusu mchoro na maandishi.

Lazaro alikuja likizo miezi minne baadaye, bila kutuarifu, ili atushtue. Aliingia na begi moja, na juu ya begi kifurushi chenye shali ya sufu, maana Bibi aliona baridi hata mchana. Alimwamkia baba, akamwamkia mama, akaangalia pembe ya televisheni. "Bibi yuko nje?" Mama alinitazama. Kazi ile nilipewa mimi, na hakuna aliyenivua. Nilimwambia akae. Nikamuuliza habari za safari. Nikamletea maji, na alipoipokea glasi alikwisha kujua, lakini alikunywa maji yote akaweka glasi chini, akanisubiri niseme.

Siku hizi kazi yangu ni kupeleka habari, na habari zenyewe haziningoji. Mwaka jana shangazi yetu alipofariki, nilisoma kwenye kundi la ukoo nikiwa kazini: mstari mmoja, na chini yake pole kumi na tano kabla sijamaliza kuusoma. Ile gemu nayo nilisikia imekwisha kufungwa kwa mashine za aina yetu, hakuna aingiaye tena. Siku ile ya habari ya shangazi nilizima simu, nikapanda bajaji hadi Makutupora, ambako Lazaro sasa ana shamba lake la zabibu. Alikuwa ameketi barazani, simu mkononi, shali ya Bibi mabegani.

"Nimeshasoma," alisema.

Nilisimama pale getini, sijui niingie au nirudi. Akasogeza kigoda kwa mguu, akaenda ndani, akarudi na glasi ya maji.

"Haya, kaa," alisema. "Habari za safari?"