Nukta Juu ya Paa Letu

Watu watatu waliingia karakanani kwetu mchana kweupe, wakamuuliza mume wangu bei ya geti, na kabla hajamaliza kufuta mikono mmoja akamtandika nondo ya mbavu. Nilisikia mlio wake nikiwa jikoni. Nilipotoka alikuwa chini, wawili wamemkalia, na wa tatu, pande la mtu mwenye kofia nyekundu, amemwinamia anamuuliza kwa upole kabisa, "Mzee, wako wapi?"

"Kina nani?"

Wakampiga tena. "Wako wapi?"

Mume wangu anaitwa Cheche, kwa ajili ya kazi yake ya kuchomelea vyuma na kwa ajili ya mdomo wake. Hata pale chini, damu zikimtoka puani, aliwaambia kama wanatafuta wateja basi wamsaidie, maana na yeye anawatafuta. Kwa mzaha huo akavunjwa ubavu wa pili. Mimi sina mzaha na mtu anayempiga mume wangu. Niliokota nyundo nikamshushia Kofia Nyekundu begani kwa nguvu zangu zote, nikasikia mfupa unaachia, na wote watatu wakatoka nduki. Polisi walikuja, wakaandika, wakauliza kama tuna ugomvi na mtu. Sisi na nani? Watu tunaotengeneza madirisha.

Makovu ni ya Cheche, lakini habari hii ni ya mdogo wake wa kike, wifi yangu. Kazini kwake wanamwita Nukta, na hata nyumbani jina limemganda.

Wifi amekulia kwenye karakana hiihii. Wazazi wao walikufa mapema, Cheche akamlea kwa kuchomelea madirisha ya watu, na yeye akajifunza kusoma akiwa amekaa juu ya kreti, moto wa kuchomelea ukimtoboa sare ya shule. Alikuwa mtoto mpole, ila kwa jambo moja. Mtoto wa jirani alipoua mjusi kwa manati, wifi alimfuata mpaka kwao akamng'oa jino kwa ngumi. Cheche alikwenda kuomba radhi huku anabana kicheko. Mpaka leo, mtu mzima na shahada yake, ukimwambia umeua panya anakununia siku nzima.

Ofisi yake ipo ghorofani, juu ya duka la magodoro. Ni kituo cha takwimu za viumbe. Walinzi wa misitu, walimu, wapiga mbizi, kila mmoja anamtumia alichokiona: ndege gani, chura gani, wangapi, wapi. Yeye anazisafisha hesabu hizo na kuzipanga ili zikae sawa na za wenzake wa nchi nyingine, maana kila nchi ina namna yake ya kuhesabu na kila moja inaona namna ya mwenzake ni upuuzi. Alinieleza siku moja tukimenya viazi. Korongo wakihama, nchi ya kusini inashangilia kwamba wameongezeka, ya kaskazini inalia kwamba wamekwisha, kumbe ni korongo walewale. Watu wasipooneshana hesabu, kila mtu anabaki na uongo wake. Nikamwambia hiyo ni kazi ya kupatanisha wake wenza. Akasema wake wenza wana afadhali.

Sasa wapo wanyama ambao ukitangaza wanapoishi umewaua. Sema kobe wa bondeni wapo mahali fulani, kesho wezi wamefika na magunia. Kwa hiyo mahali pa kweli panabaki kituoni, na dunia inapewa pa kusingizia. Nchi nzima imegawanywa miraba, na kila mraba una nukta yake moja. Mnyama yeyote wa siri akionekana popote ndani ya mraba huo, kwenye ramani ya dunia anaonekana yupo kwenye nukta hiyo. Wifi ndiye aliyezipanga nukta zote, na ndiko lilikotoka jina lake.

Hayo yote tuliyajua. Tulikuwa tunatembea kifua mbele, ndugu yetu anazungumza na dunia.

Mbavu za Cheche hazijapona vizuri, wakaja wengine. Wawili, kwa pikipiki, asubuhi, na mnyororo. Swali lilelile: wako wapi. Cheche safari hii hakutania. Alilia akawaambia hajui wanamtafuta nani, wachukue mashine, wachukue vyuma, wamwache. Mnyororo ulimpata sikioni ukalichana mpaka likaning'inia. Mimi nilikuwa na sufuria ya maji ya chai mkononi. Nilimmwagia mmoja usoni, yote, na sijawahi kujuta. Mwenzake alipanda pikipiki akamwacha anajigaragaza.

Majirani walimfikia kabla ya polisi. Walimpiga kwa mateke, kwa mawe, kwa miguu ya viti, na mimi sikuwazuia. Mtu mmoja alishaleta tairi. Aliyemwokoa ni Cheche. Alitambaa huku ameshika sikio lake, akamlalia yule mwizi juu, akawaambia majirani nyuma yao kuna mitungi ya gesi ya kukatia vyuma, wakiwasha moto hapo wataondoka wote na mtaa wao. Wakarudi nyuma shingo upande.

Nilimpekua mwizi. Simu yake ilikuwa imefunguka kwenye ramani, na katikati ya ramani kuna paa la buluu na tangi la maji lenye kiraka. Paa letu. Tangi letu. Juu yake kumeandikwa kobe, kasuku, kakakuona, mamia yao, kana kwamba tunafuga msitu uvunguni.

Nilimpigia wifi simu nikamweleza ninachokiona. Akakata simu.

Alifika asubuhi ya siku ya pili yake, bado amevaa fulana ya kazini yenye jina la kituo na mchoro wa kobe mgongoni. Alimtazama kaka yake, kichwa kimefungwa bandeji, kifua kimefungwa bandeji, akakaa juu ya kreti lake la zamani.

"Wifi, hiyo nukta ni yangu," aliniambia.

"Eleza."

"Kila mraba nilitakiwa kuchagua mahali nisipoweza kumdhuru mnyama. Kwenye mraba huu hakuna mahali ninapopajua kama hapa. Chuma, moshi, kelele, ukuta. Hakuna kobe anayeweza kukaa hapa. Nikasema mwizi akifika akaona karakana, ataelewa amedanganywa, atarudi kwao."

"Na watu?"

"Sikuwafikiria watu."

Nilimzaba kofi. Nilimzaba la pili, na Cheche ndiye aliyesema, "Mwache, mama. Mwache amalize."

Alisema ameshawaandikia wenzake wa kila nchi waifute. Wengi wamekubali, lakini ramani ilishanakiliwa huku na huku, na hawezi kuifuata kila ilikokwenda. Nikamwambia basi aihamishie katikati ya ziwa. Akasema alijaribu zamani. Kompyuta za wenzake ziliikataa, zikasema kobe wa nchi kavu hawezi kuishi ziwani, kuna kosa, arekebishe.

"Iweke kwa mkurugenzi wako," nikasema.

Cheche alicheka, akashika mbavu. Ndipo walipoingia.

Kofia Nyekundu alikuwa mbele, mkono mmoja umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, kazi ya nyundo yangu. Nyuma yake watu wenye mapanga. Mmoja alinilaza kifudifudi akaniwekea goti shingoni, mdomo wangu ukajaa unga wa chuma. Kofia Nyekundu alimtazama mume wangu, akamtazama wifi, akamzunguka akaisoma ile fulana.

"Kumbe," alisema. "Muda wote tumempiga asiyejua."

Hawakumgusa wifi. Walimburuta Cheche mpaka kwenye meza yake ya kazi, wakaweka mkono wake wa kulia ndani ya jiriwa, ileile anayobania vyuma kila siku ya maisha yake, na mmoja akashika mpini.

"Dada," Kofia Nyekundu alisema, "tupe namba za ramani za lile bonde la kobe, tuondoke."

"Taratibu hiyo jiriwa," Cheche alisema. "Mtaiharibu."

Mpini ukazunguka. Mzaha uliishia hapo. Cheche alimgeukia mdogo wake, macho yamemtoka, akamwambia, "Sema. Sema, mdogo wangu."

Wifi alisimama wima, amebana midomo. Nilimwona vizuri kutoka pale chini. Anazijua namba hizo kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Nilingoja aseme, na hakusema. Mpini ukazunguka tena. Nikasikia vidole vya mume wangu vinavunjika, kimoja baada ya kingine, mlio mkavu. Alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tangu anioe. Nilipiga kelele ndani ya ule unga, nikamtukana wifi kwa matusi yote ninayoyajua, na bado hakusema. Mpini ukazunguka tena, damu ikashuka kwenye mguu wa meza ikaingia kwenye kandambili za Cheche.

Hapo ndipo wifi aliposema. Alizitaja namba zote bila kugugumia, kwa sauti ya ofisini, na Kofia Nyekundu akaziingiza kwenye simu. Wenzake wengine waliondoka na gari. Yeye na wawili walibaki wametushikia mapanga, mume wangu bado yumo kwenye jiriwa, amezimia, mpaka simu ikalia.

"Wapo," Kofia Nyekundu alisema, amefurahi kama mtu aliyepata funguo alizopoteza. Akitoka alimpiga wifi shavuni kwa ubapa wa panga, na makali yakamchana.

Hospitalini waliukata mkono kwenye kifundo. Bondeni walinzi walikuta nyasi zimechomwa ili kobe watoke, wadogo wamesagwa na magurudumu, wakubwa wamekwenda na magunia. Walikamatwa wachache mpakani, kobe wachache na wezi wachache, na Kofia Nyekundu hakuwemo. Wifi alipata habari hiyo akiwa wodini, shavu lina nyuzi, akalia pale pembeni ya kitanda. Nilimwambia kama analilia kobe akalilie nje.

Cheche alikuwa macho. "Mdogo wangu," alisema, "nilikuita. Ulikuwa unafikiria nini?"

Nilimwomba Mungu aseme aliogopa. Woga ningeusamehe palepale.

"Kobe, kaka," alisema.

Cheche aliitazama bandeji pale ulipoishia mkono wake.

"Walikuwa wangapi?"

"Mia tatu na kitu."

"Ni wengi," alisema, akageukia ukutani.

Wifi alirudi kazini kabla nyuzi hazijatolewa. Alibishana na wenzake wa dunia nzima kwenye mikutano yao ya skrini, akiwaonesha shavu lake kila walipoleta maneno mengi, mpaka wakakubaliana kwamba hakuna nukta itakayowekwa tena mahali popote kabla mtu hajakwenda kwa miguu kuona nani anaishi hapo. Nukta nyingi zilihamishwa kwenye majabali na machimbo yaliyoachwa. Mraba wetu hauna mahali pa namna hiyo, ni nyumba juu ya nyumba, na pembeni kuna msitu ambamo kasuku bado wanaishi na bonde lenye kobe waliosalia.

Siku hizi naifungua ramani simuni kila asubuhi nikiamka, hata uso sijanawa. Siku moja nikakuta nukta yetu imeondoka, na ya mraba wetu imekaa juu ya kijumba cha vyumba viwili, ng'ambo ya soko. Nilikijua. Nimewahi kulala hapo. Ni kwa wifi.

Sikumpigia simu, maana ningempigia ningemtukana au ningelia, na sikutaka chochote kati ya hivyo. Bado namkasirikia. Nimemwambia usoni, na anajibu, "Najua, wifi." Nilimpelekea Cheche ile simu nikamwonesha. Aliitazama akanirudishia. Kisha akainuka akaenda karakanani, alikokuwa hajakanyaga tangu siku ile, akaanza kuvuta vyuma vinene vya pembe kwa mkono wa kushoto.

"Unafanya nini?"

"Geti la kwa mdogo wangu. Na madirisha yote mawili."

"Huwezi."

"Ndiyo maana nakuambia uje."

Nilivaa miwani yake ya zamani nikapiga magoti nikashika vyuma viwili vikutane. Alichomelea kwa mkono wa kushoto. Mshono wa kwanza ulitoka umepinda, akaugonga ukaachia. Wa pili ukaachia. Jasho lilimtiririka mpaka kwenye lile sikio lililoshonwa, na sikumwambia apumzike, kwa sababu nilijua angeniambia nini.

"Shika vizuri, mama," alisema, akainamia tena. "Wale watu huwa wanakuja kweli."